Kuku wa Bibi na Paa la Kanisa

Masomo ya wiki: Nehemia 3, Nehemia 5:1–13, Marko 12:38 hadi 13:2



Wiki hii naanza na toba yangu mwenyewe, kisha tutaifungua Biblia.

Miaka kadhaa iliyopita kanisa letu la mtaa lilikuwa limefikia kupauliwa. Kuta zilikuwa zimesimama, lenta imefungwa, mbao za kenchi zimepakwa dawa ya mchwa na kupangwa chini ya mti. Yalibaki mabati. Kila Jumapili baada ya ibada tulifanya mnada wa sadaka: maboga, mayai, debe la mtama, siku nyingine mbuzi. Jumapili moja bibi mmoja mjane akaleta kuku. Jike, mwekundu, amefungwa miguu kwa kamba ya katani. Mzee wa kanisa alimnyanyua juu, bei ikapanda. Aliyemnunua akamtoa tena kwa Bwana, akanadiwa upya, na wa pili naye akafanya vivyo hivyo. Vigelegele vilisikika hadi barabarani. Nilisimama mbele nikamwombea bibi yule baraka, na mhazini akaandika fedha ile kwenye daftari la mabati.

Jumanne mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi nikapita kwake kumshukuru.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, ila angalia unapokanyaga."

Alikuwa amevuta godoro hadi katikati ya chumba kwa sababu pembe zote nne zilikuwa zinavuja. Sufuria mbili na beseni vilikuwa vinakinga maji. Nyasi za paa zilikuwa zimeoza, nyeusi kama masizi, na ukuta wa upande wa magharibi ulikuwa umetokeza tumbo. Niliuwekea kiganja nikausikia unalegea. Alinipa kiti, nacho kilikuwa kimoja tu, akakisogeza mahali palipokuwa pakavu. Kisha akauliza kwa furaha kabisa: "Mchungaji, mabati yetu yamefika mangapi?"

Nilimtajia idadi. Akapiga makofi. Nikasali, nikaaga, na njia nzima hadi nyumbani sikuweza kuinua uso. Nilikuwa nimepita mbele ya nyumba ile kwa miaka miwili nikikusanya michango ya paa. Jumapili nilikuwa nimepokea kuku wake. Paa lake nilikuwa sijawahi kuliona.

Jioni ile nilifungua Marko 12. Habari ya mjane na senti zake mbili nimeihubiri mara nyingi, hasa majira ya harambee. Sikuzote nilikuwa naanzia mstari wa 41, pale Yesu anapoketi kulielekea sanduku la hazina. Safari hii nilianzia mstari wa 38. Hapo Yesu anawaonya watu wajihadhari na waandishi: wanapenda mavazi marefu, wanapenda kuamkiwa sokoni na kukaa viti vya mbele, wanakula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Nyumba za wajane. Baada ya neno hilo tu ndipo mjane mwenyewe anaingia, na kila alichobakiwa nacho kinadumbukia katika sanduku. Ukiendelea hadi mwanzo wa sura ya 13, unamkuta mwanafunzi akimwonyesha Yesu jinsi mawe ya hekalu yalivyo makubwa na mazuri. Yesu anamjibu kwamba halitasalia jiwe juu ya jiwe.

Soma mambo hayo matatu kwa pamoja, kama Marko alivyoyapanga: nyumba ya mjane iliyoliwa, sadaka ya mjane, na jengo la ibada linalosifiwa. Yesu anausifu moyo wa mama yule, na moyo ule unastahili sifa. Lakini kabla ya kumsifu alikuwa ameshawakemea watu waliomfikisha hapo. Mimi nilikuwa nimezisikia sifa nikaliacha karipio.

Hili ndilo neno ninaloliweka mbele yenu wiki hii: nyumba ya jirani anayelala penye mvua ni sehemu ya jengo la kanisa. Kama hiyo haijapauliwa, kanisa halijapauliwa.

Zamani nyumba haikuwa na bei

Wazee wetu wa hapa Ikoma, mkoani Mara, hawakuzijua gharama tunazozijua sisi. Fito zilikatwa porini, nyasi za kuezekea zilifyekwa mbugani baada ya masika, udongo ulichimbwa palepale kiwanjani. Nguvu kazi ilikuwa majirani. Majirani zetu Wakurya wanaiita risaga: watu wa eneo moja wanakuja kwako leo, kesho mnakwenda kwa mwingine, na malipo ni chakula na kinywaji. Katika hali hiyo mjane hakukosa nyumba, maana nyumba ilitoka katika vitu viwili ambavyo kila mtu alikuwa navyo, pori na watu.

Hesabu imebadilika. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951. Mwaka 1994 Ikorongo na Grumeti yakawa mapori ya akiba. Baadaye vijiji vyetu vitano, Robanda, Nata Mbiso, Makundusi, Nyichoka na Park Nyigoti, vikatenga ardhi yao kwa ajili ya jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya Ikona, ambayo jina lake limeunganishwa kutoka Ikoma na Nata. Sisemi haya kwa kulaumu. Wanyama hawa ni amana ya Mungu mikononi mwetu, na familia nyingi hapa zinakula kwa sababu ya watalii. Nasema tu kwamba mahali babu alipokwenda kufyeka nyasi bila kumuuliza mtu, mjukuu haendi. Fito zinanunuliwa. Bati linanunuliwa, na misumari yake, na saruji, na mchanga unaoletwa kwa lori.

Mikono nayo imeondoka. Kijana wa kumjengea bibi yake yuko Mugumu, au Mwanza, au anafanya kazi katika kambi ya watalii na anapata likizo mara moja baada ya miezi. Kwa hiyo nyumba imepanda bei kwa vifaa na imepanda tena kwa nguvu kazi. Hapohapo tembo hajui kwamba sheria zimebadilika. Akinusa mahindi yaliyohifadhiwa ndani, ukuta wa udongo uliolowa haumzuii. Mjane anayelala katika nyumba ya namna hiyo analala na hofu mbili, ya mvua na ya usiku.

Orodha ambayo wahubiri tunairuka

Nehemia sura ya 3 ni orodha ndefu ya majina, na wengi wetu tunairuka ili tufike kwenye maadui wa sura ya 4. Wiki hii kaa nayo. Ukuta wa Yerusalemu umebomoka, malango yameteketea, na Nehemia hana jeshi la mafundi. Ana wenyeji.

Kuhani mkuu Eliashibu anaanza na Lango la Kondoo. Wafua dhahabu wanajenga, watu ambao mikono yao imezoea vitu vidogo vya thamani. Mtengeneza manukato anajenga, na sijui kama kuna kazi mbili zilizo mbali zaidi kuliko manukato na chokaa. Shalumu anajenga pamoja na binti zake, na Biblia inaona vema kuwataja binti hao. Malkiya, mtawala wa wilaya nzima, anapewa Lango la Jaa, mahali takataka za mji zinapopitishwa, naye analijenga na kulitia makomeo. Wakuu wa Tekoa peke yao wanakataa kuinamisha shingo. Lakini watu wa kawaida wa Tekoa wanamaliza sehemu yao, na mstari wa 27 unatuambia wanachukua na sehemu ya pili.

Katika orodha hiyo kuna maneno yanayorudi tena na tena: huyu alijenga kuelekea nyumba yake, na yule naye kuelekea nyumba yake, na mwingine kuelekea chumba chake. Watu hao hawakupelekwa kujenga mahali wasipopajua. Kila mmoja wao alianzia pale anapofungua mlango asubuhi.

Sasa iandike orodha hiyo kwa majina ya kwetu. Baada yake, mpishi wa kambi ya watalii. Baada yake, mwalimu wa shule ya msingi na wanawe. Baada yake, vijana wa bodaboda wa pale njia panda. Baada yao, askari wa wanyamapori aliyekuwa mapumzikoni. Baada yake, mama muuza dagaa, na binti zake. Je, kuna mtu katika usharika wako ambaye hawezi kuandikwa humo?

Sisi watu wa Mara tuna mfano wa kiongozi aliyeinamisha shingo. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipiga kambi Chamwino, Dodoma, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Alikuwa Rais wa nchi. Basi mchungaji, mzee wa kanisa au mwalimu wa kwaya asione kwamba udongo utamvunjia heshima.

Jumamosi ya udongo

Baada ya Jumanne ile niliitisha baraza la kanisa nikasema nilichokiona. Nikaomba mabati ya kanisa yasubiri msimu mmoja, tuanze na nyumba ya bibi. Haikuwa rahisi. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akasema nyumba ya Mungu haiwezi kusubiri kwa ajili ya nyumba ya mtu. Ukimya ukatanda. Kisha mama mmoja wa umoja wa wanawake, ambaye kwa kawaida haongei barazani, akasema taratibu: "Mungu ana mbingu ya kukaa. Bibi ana beseni." Mzee yule akainama, akafikiri, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kujitolea mkokoteni wake.

Tulianza Jumamosi, saa moja asubuhi. Udongo tulitoa kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya shamba, maana udongo wa mchwa unashika. Akina mama walichota maji, vijana wakakanyaga tope hadi likawa laini kama ugali uliosongwa vizuri. Kalibu inachovywa majini na kunyunyiziwa mchanga ili tofali lisigande. Unabamiza tope kwa nguvu, unakata juu kwa ubao, unageuza, unanyanyua taratibu. Tofali linabaki chini linang'aa. Linafunikwa nyasi likauke polepole, kwa sababu jua kali likilipata mara moja linapasuka. Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya hilo tunapoomba Mungu atufanye imara haraka.

Tulimwekea bibi kiti chini ya mti. Alikaa kama dakika kumi, akasimama, akachukua ndoo. Vijana wakamzuia. Akawaambia: "Wajukuu zangu, mwenye nyumba hakai akitazama kama mgeni. Mkinikalisha hapa, nyumba itakuwa yenu." Akachota maji. Ndoo yake ilikuwa ndogo, lakini ilikwenda na kurudi kama za wengine.

Jambo moja tulijifunza kwa gharama. Tanuru la kuchomea matofali linakula magogo usiku na mchana, na kwetu kuni zimekuwa adimu. Hatuwezi kumjengea mjane mmoja kwa kumaliza miti ya wajane watano. Kwa nyumba zilizofuata tuligeukia matofali ya kufungamana, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyahimiza. Udongo unachanganywa na saruji kidogo, unashindiliwa kwa mashine ya mkono, unamwagiwa maji siku kadhaa, basi. Hayachomwi, na kwa kuwa yanakamatana yenyewe, kunahitajika udongo kidogo tu wa kujengea. Kumpenda jirani ni pamoja na kumwachia mti.

Ndani ya neno "kujitolea"

Lugha yetu imetutunzia jambo katika neno hili. Mtu anaweza kutoa fedha, kutoa nguo, kutoa kuku. Lakini akijitolea, kinachotolewa ni yeye. Hakuna njia ya kujitolea ukiwa hupo.

Nchi hii imejua ujenzi wa namna nyingine. Mabaki ya boma la Wajerumani, Fort Ikoma, yapo hapa karibu. Kuta zile za mawe ziliinuliwa ili wachache wawatawale wengi. Wazee wetu wanakumbuka pia Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, familia zilipoacha nyumba na kuhamia vijiji vipya. Shule na zahanati zilisogea karibu, na hilo ni jema, lakini mtu aliyeambiwa ahame hata shamba halijavunwa hakusahau. Ukuta unaweza kujengwa kwa amri na ukasimama. Ujirani haujengwi hivyo. Ndiyo maana katika kazi hii hatumwandiki mtu kwa nguvu, hatumtozi faini asiyekuja, wala hatumtangazi kanisani. Watekoa hawakutuma watu kuwakamata wakuu wao. Walichukua sehemu ya pili wakaijenga.

Ujenzi wa hiari nao tunao mfano wake. Kanisa la Mennonite liliingia Mara mwaka 1934, wamisionari kutoka Pennsylvania walipoanza kazi Shirati. Huko walikotoka, ghala la jirani likiungua, waumini hukusanyika na mbao na nyundo wakalisimamisha upya. Mwaka 1950 vijana waumini wa Kansas waliigeuza desturi hiyo kuwa huduma ya kudumu, Mennonite Disaster Service, ambayo mpaka leo hupeleka watu wa kujitolea kuzijenga nyumba zilizobomolewa na vimbunga na mafuriko. Wamisionari wale walikuja kwa watu waliokuwa na risaga. Injili ilipokutana na desturi ile, ilikuwa imekutana na ndugu yake. Ni sisi tulioiacha risaga nje ya mlango wa kanisa, tukaingia na daftari la michango peke yake.

Riba na damu

Sasa fungua Nehemia 5. Kazi ya ukuta inaendelea vizuri, ghafla kinasikika kilio, na hakitoki kwa maadui. Kinatoka kwa watu na wake zao dhidi ya ndugu zao Wayahudi. Wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine wamekopa kulipa kodi ya mfalme, na watoto wao wanakwenda utumwani. Wanaojenga ukuta wa mji wanapoteza nyumba zao ndani ya mji huohuo. Nehemia anakasirika, anawaita wakuu, anawaambia warudishe mashamba na nyumba na kuacha riba. Nao wanakubali. Ukuta ungeweza kukamilika pasipo hilo, lakini ungezunguka mji wa watumwa.

Kilio hicho mnakijua. Watu wetu wameipa mikopo ya mitaani jina: kausha damu. Mama anakopa kununua mabati machache kabla ya masika. Marejesho ni ya kila wiki, riba inapanda, na mwisho mkopeshaji anakuja kuchukua godoro, masufuria, na yale mabati yenyewe. Torati ilikuwa imelikataza jambo hili zamani. Kutoka 22:25 na Walawi 25:35–37 zinasema wazi kwamba maskini akikopeshwa asitozwe riba.

Kuna watu waliolichukua agizo hilo kama lilivyoandikwa. Millard Fuller alikuwa mwanasheria na mfanyabiashara wa Alabama, Marekani, aliyetajirika kabla ya kufika miaka 30, na ndoa yake ilikuwa inavunjika mikononi. Yeye na mkewe Linda wakapatana, wakaamua kuuza mali na kugawa fedha zao. Wakafika Koinonia, shamba la ushirika wa Kikristo huko Georgia lililoanzishwa mwaka 1942 na mkulima na msomi wa Agano Jipya, Clarence Jordan. Pale wakaanza kujenga nyumba za watu maskini na kuwauzia bila faida na bila riba. Malipo kidogokidogo ya nyumba ya kwanza yananunua vifaa vya nyumba ya pili.

Mwaka 1973 wakaja Afrika, Mbandaka, mji ulio kando ya Mto Kongo katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, wakafanya kazi na kanisa la pale. Eneo walilolijengea liliitwa Bokotola. Wakati wa ukoloni lilikuwa uwanja mtupu ulioachwa makusudi kati ya makazi ya Wabelgiji na makazi ya Waafrika, ili watu wasikaribiane. Jina lenyewe lilikuwa na maana ya mtu asiyependa wenzake. Nyumba zilipoinuka mahali pale, watu wakaubadilisha mtaa jina, wakauita Losanganya: wenye kupatanisha na kukusanya watu pamoja. Mwaka 1976 akina Fuller wakarudi kwao na kuanzisha Habitat for Humanity, huduma iliyofika Kenya mwaka 1982, Uganda 1984 na kwetu Tanzania 1986.

Nimelisimulia hili kwa sababu ya jina lile. Kila kijiji kina Bokotola yake. Inaweza kuwa uwanja ulio kati ya waliosoma na wasiosoma, kati ya madhehebu yetu, kati ya Mwikoma, Mnata, Mkurya na Mtatoga, kati ya mwenye ajira hotelini na asiyekuwa nayo. Nyumba inapojengwa katikati ya uwanja huo kwa mikono ya pande zote, watu hawawezi tena kuuita jina la zamani.

Mambo manne kabla ya kuchimba msingi

Kwanza, kiwanja ni cha nani? Jambo hili limeliza watu wengi kuliko mvua. Kanisa linajenga, mjane anahamia, na mwaka unaofuata shemeji anatokea na kudai ardhi ya marehemu kaka yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Basi nendeni serikali ya kijiji mapema, mirathi ikamilishwe, jina la mjane liandikwe, na ndugu wa mume waitwe kuwa mashahidi. Mkifanya hivyo, huenda ndugu hao ndio watakaoshika mwiko. Mkilipuuza, mtakuwa mmeijenga nyumba ambayo wengine wataila.

Pili, tujenge kama tunavyomjengea Bwana. Kumbukumbu la Torati 22:8 inaagiza nyumba mpya iwekewe ukingo juu ya paa, mtu asije akaanguka. Mungu anajali ukingo! Kwa hiyo msingi uchimbwe kina chake, pima maji itumike, kenchi zifungwe kwenye ukuta kwa waya ili upepo usilibebe paa. Asiwepo wa kusema kwamba kwa kuwa ni msaada, hata vibaya inatosha. Tumtafute fundi wa kweli, na kama ni maskini tumlipe.

Tatu, orodha ya wanaohitaji isitoke mfukoni mwa mchungaji. Wakae wazee wa kitongoji, akina mama, na watu wa makanisa mengine. Aingie na asiyesali kwetu, aingie Mwislamu, aingie na mke wa pili ambaye sisi wachungaji mara nyingi hatujui tumweke wapi. Mvua haiulizi cheti cha ubatizo.

Nne, tumwache mtu na heshima yake. Tusimsimamishe bibi mbele ya ukuta uliobomoka na kumpiga picha za kuombea michango. Tumwulize anataka mlango uelekee wapi, jiko likae upande gani. Mwenye uwezo wa kurudisha kidogo, arudishe bila riba, ili fedha iende kwa jirani. Asiye na uwezo ana ndoo yake, au sauti yake ya kuimba wakati wengine wanakanyaga tope. Ukiwaacha wakuu wa Tekoa, kila mmoja katika Nehemia 3 alijenga; hakuna aliyeandikwa kuwa alijengewa tu.

Wiki hii

Nawaomba jambo dogo. Kabla ya Jumapili, kila familia itembelee nyumba tatu zinazoizunguka, zile zinazoelekea mlango wake. Muingie ndani kama desturi yetu ilivyo, mketi, mtazame juu. Mkiona mwanga unapenya paani, mniambie.

Kanisa letu lilipauliwa msimu uliofuata. Mabati yalipatikana haraka kuliko nilivyotarajia, kwa sababu watu waliokwisha kukanyaga tope pamoja hawahitaji kusukumwa. Siku ya kuezeka bibi alikuwepo, lakini siyo kumbukumbu hiyo ninayoitunza zaidi. Ninayoitunza ni ya Jumamosi moja kabla yake, tulipoanza nyumba ya pili, ya kijana mlemavu upande wa pili wa kijito. Nilijiamini kwamba nimewahi. Nilipofika, ukungu ulikuwa bado haujapanda, na pale penye kichuguu nikamkuta mtu mmoja tu. Alikuwa bibi, ameshachota ndoo tatu. Akanisalimu, akanionyesha mahali pa kuanzia kuchimba.

Tuombe.

Baba, Mwanao alizaliwa mahali pa kulishia mifugo, na alipokua hakuwa na pa kulaza kichwa chake. Utusamehe pale tulipopokea sadaka bila kuuliza ilitoka chini ya paa la namna gani. Utufungue macho tuione nyumba iliyo mbele ya nyumba yetu. Uwape wakuu wetu shingo zinazoinama, vijana wetu mikono isiyochoka, na wajane wetu usingizi wakati wa mvua. Na uwanja ulio mtupu kati yetu na jirani, utusaidie kuujenga. Kwa jina la Yesu, fundi wa Nazareti. Amina.